Mkiuza nyumba ya wazazi, anzeni na karatasi kabla ya rangi

Kuna kosa linalojirudia katika familia nyingi za mijini pindi tu inapoamuliwa kwamba nyumba ya wazazi iuzwe: kitu cha kwanza kununuliwa ni rangi.

Fundi anaitwa wiki hiyo hiyo. Kuta zinapakwa krimu, sebule inawekwa vigae vya kung'aa, jikoni panapigwa kabati jipya. Doo inaisha. Kisha mnunuzi anafika, anazunguka vyumba akisifu, halafu anauliza swali moja tu: "Hati iko kwa jina la nani?" Hapo watu wanaanza kuangaliana.

Msimamo wangu ni huu. Ikiwa familia ina pesa kidogo za kuiandaa nyumba, pesa hizo zisinunue urembo. Zinunue imani ya mnunuzi. Imani hiyo huanzia kwenye karatasi, hufuatwa na kuziba panapovuja, kisha usafi. Rangi ni ya mwisho. Yanayosalia ni mbwembwe.

Nawaandikia vijana kwa sababu kazi hii hutuangukia sisi. Wazazi wamestaafu wakahamia ushago, au mmoja wao ametangulia mbele ya haki. Kifungua mimba yuko ng'ambo, au ana familia yake Ruiru au Kitengela. Anayebaki kwenye nyumba ya zamani, iwe Buruburu, Tudor kule Mombasa au Section 58 kule Nakuru, ni kitindamimba ambaye bado anatafuta kazi. Huyo ndiye anayeambiwa atafute fundi, apige picha, apokee wateja na ajibu simu za mabroka. Na kwa kuwa "anakaa bure", hakuna anayefikiria kumlipa.

Basi tuanze na karatasi. Wahenga walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujashika brashi, fanya upekuzi rasmi wa umiliki, ule ambao mtaani unaitwa "sachi". Unafanyika kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, au kupitia ofisi ya ardhi ya eneo lenu. Ada yake haifiki bei ya ndoo kubwa ya rangi nzuri.

Upekuzi huo utawaonyesha jina lililosajiliwa, kama kuna zuio lililowekwa na mtu, na kama benki bado imeandikwa kwenye hati. Usishangae ukikuta benki. Nyumba nyingi za mitaa iliyojengwa miaka ya 1970 na 1980 zilinunuliwa kwa mikopo. Mzee alimaliza kulipa zamani, akafurahi, akaenda zake, lakini hakuna aliyefuata kuiondoa benki kwenye rekodi. Deni halipo, ila kwa macho ya mnunuzi nyumba bado ni rehani. Kurekebisha hilo ni kazi ya barua, fomu na subira, na haina uhusiano wowote na vigae.

Kama jina lililoko kwenye hati ni la mzazi aliyefariki, simameni hapo hapo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu nyumba au ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Si swali la kukubaliana tu kwenye kikundi cha WhatsApp. Anayejichukulia mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo, lakini kifungo si mchezo, na mauzo yenyewe yanaweza kubatilishwa mnunuzi akiwa tayari amehamia.

Jueni pia kwamba mirathi ina mwendo wake. Mnahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, na idhini ya ndugu wote. Baada ya mahakama kutoa barua za usimamizi, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuzithibitisha, isipokuwa mahakama yenyewe ipunguze muda huo. Sasa piga hesabu: rangi iliyopakwa mwezi wa kwanza itakuwa na alama za vidole na moshi wa jiko kufikia siku nyumba inaporuhusiwa kuuzwa. Mtalazimika kupaka tena.

Wazazi wakiwa hai wote wawili, msijidanganye kwamba sahihi ya baba inatosha kwa sababu jina lake ndilo lililoandikwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mwenzake. Mama asipotaka kuuza, hakuna fundi wa kupaka rangi juu ya hilo. Kaeni naye chini mumsikilize, maana mara nyingi hoja yake ina uzito kuliko zenu: ataishi wapi, na pesa zitakaa kwenye akaunti ya nani?

Angalieni pia lizi. Nyumba nyingi za mijini zimejengwa kwenye ardhi ya kukodi kutoka kwa serikali au kaunti, na lizi ya miaka 99 iliyoanza miaka ya 1970 sasa imekaribia nusu au imeivuka. Mnunuzi anayetaka mkopo wa benki ataulizwa imebaki miaka mingapi. Halafu kuna kodi ya ardhi na ada za kaunti. Bila vyeti vya kuonyesha kwamba hamna deni, uhamisho hautapita. Deni la miaka kumi huja na adhabu zake, na ni heri mlijue mapema kuliko kulisikia kwa wakili wa mnunuzi. Kama nyumba iko mashambani, kwenye ardhi ya kilimo, ongezeni idhini ya bodi ya ardhi.

Jambo ambalo vijana wengi hatulijui ni ushuru. Tangu Januari 2023, anayeuza mali hutozwa asilimia 15 ya faida aliyopata, kutoka asilimia 5 ya awali. Lakini sheria ina milango ya halali. Mwenye nyumba aliyeishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla tu ya kuuza hatozwi. Vilevile, mali ya marehemu inayouzwa ili kugawa mirathi husamehewa mauzo yakikamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo.

Ona basi jinsi kuchelewa kunavyogharimu. Wazazi wakihamia ushago na nyumba ikapangishwa, msamaha wa kuishi humo unawaponyoka. Ndugu wakizozana miaka mitatu baada ya mazishi, ule wa mirathi nao unaponyoka, labda KRA ikubali kwa maandishi kuwaongezea muda. Hakuna kabati la jikoni linaloweza kurudisha asilimia 15. Muulizeni wakili au mhasibu mapema, na muweke risiti za kila kilichoongeza thamani ya nyumba, kwa sababu gharama hizo hutolewa kabla ya faida kuhesabiwa.

Habari njema ni kwamba karatasi nyingi mnazozitafuta ziko ndani ya nyumba hiyo hiyo. Kila mzazi wa Kenya ana mfuko wake: sanduku la bati juu ya kabati, briefcase iliyovunjika kufuli, au karatasi ya nailoni chini ya godoro. Humo mna risiti za kaunti, ramani ya ploti, barua za benki na leseni ya redio ya mwaka usiojulikana. Usimwache mtu achome takataka kabla mfuko huo haujapekuliwa karatasi moja moja. Hati yenyewe ikipotea, kupata nyingine kunahitaji, pamoja na mengine, tangazo la siku 60 kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.

Karatasi zikiwa njiani, ndipo twende kwa nyumba yenyewe. Swali la kujiuliza si "tutaipendezesha vipi?" Jiulize: mnunuzi ataogopa nini? Mtu anayetoa akiba yake yote au anayechukua mkopo wa miaka 20 haogopi rangi iliyopauka. Anaogopa doa la maji kwenye dari. Anaogopa harufu ya majitaka, swichi iliyoungua na ukuta wenye ufa. Akiona doa moja, kichwani mwake anaona paa zima limeoza, na papo hapo anakata laki mbili, laki tatu, kwenye bei. Huenda tatizo lenyewe lilikuwa bati moja lenye kutu na misumari michache iliyolegea. Usipoziba ufa, hapa hutajenga ukuta. Utaulipia tu kwenye bei.

Tuseme familia imechanga Sh60,000. Mimi ningezigawa hivi, nikijua bei hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa. Sh15,000 ziende kwa paa na mabomba: bati linalovuja, mifereji ya maji ya mvua iliyoziba, mfereji wa jikoni unaotona, choo kisichovuta, manholi iliyojaa. Sh5,000 ziende kwa umeme: soketi zilizolegea, swichi zilizopasuka na balbu za kila chumba. Sh5,000 nyingine kwa geti, bawaba, vitasa na vioo vilivyovunjika.

Sh6,000 ziende kwa usafi na mkokoteni wa kubeba takataka. Sh22,000 zibaki kwa rangi, pamoja na msasa na fundi, na Sh7,000 za mwisho ziwekwe kwa upekuzi, nakala za vyeti na nauli za kwenda ofisini. Hizo hazitoshi kumlipa wakili. Wakili zungumzeni naye mapema, maana wengine hukubali sehemu kubwa ya malipo yao itoke kwa mauzo yenyewe.

Zingatieni mpangilio. Ukuta wenye unyevunyevu ukipakwa rangi kabla ya bomba kutengenezwa, rangi itavimba na kubanduka ndani ya wiki chache, na mnunuzi mjanja atajua kwamba mlikuwa mnaficha kitu. Ziba kwanza, acha ukuta ukauke, piga msasa, kisha paka. Kwa hivyo msipange kazi ya kuta za nje katikati ya mvua ya Aprili. Rangi iwe moja, nyepesi, nyumba nzima. Ile zambarau ya chumbani kwako uliipenda wewe ukiwa kidato cha pili. Mnunuzi hana habari nayo.

Usafi ndio sehemu yenye faida kubwa kuliko zote, na mtaji wake ni jasho. Nyumba ya familia hujaa kimyakimya. Kuna makochi matatu mahali pa mawili, televisheni mbili ambazo hazifanyi kazi, kalenda za miaka sita ukutani, na vitambaa vya kusuka juu ya kila kitu. Mnunuzi hawezi kuona ukubwa wa sebule kama hawezi kupita. Toeni nusu ya vitu. Osheni madirisha ndani na nje, sugueni sakafu, ng'oeni majani kwenye lango, safisheni choo hadi kisiwe na harufu. Siku mbili za vijana wanne na ndoo za sabuni zinaweza kuibadilisha nyumba kuliko fundi wa wiki nzima.

Hapa pia panahitaji adabu. Vitu vya mama si takataka hadi mama aseme hivyo. Mpigie simu, umwambie, "Mama, hii mashine ya kushona tuipeleke kwa shangazi ama unaitaka nyumbani?" Ni dakika tano za simu, na zinaokoa ugomvi wa miaka mitano.

Sasa, najua wapo watakaosema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba bila jiko la kisasa hakuna atakayetoa bei nzuri. Siwapingi kabisa. Mwenye milioni mbili za kukarabati nyumba ya milioni 15 anaweza kupata faida. Lakini hoja hiyo ni ya mwenye mtaji, na sisi tunazungumza kuhusu familia inayochangishana elfu tano tano. Isitoshe, katika mitaa mingi ya zamani ya Nairobi, anayenunua huenda hataki nyumba yenu, anataka ploti. Atabomoa, ajenge ghorofa. Vigae vyenu vitaondoka kwenye lori la kifusi. Mnunuzi wa aina hiyo hujali hati safi, mipaka iliyo wazi na barabara ya kuingilia.

Na yule anayetaka kuishi humo? Yeye naye ana ladha yake. Jiko mlilolikopea atalivunja mwezi wa pili. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ndani anakotazama ni kwenye paa, mabomba, waya na karatasi.

Kuhusu mabroka, tusiwatie wote kwenye kapu moja, lakini tuwe macho. Broka atakwambia nyumba "imechoka" ili muiache kwa bei ya kutupa kwa mteja wake wa pesa taslimu. Mwingine atakuletea fundi wake na kukwambia bila gipsamu nyumba haiendi. Kabla hujaamini bei ya yeyote, uliza majirani nyumba za aina hiyo zimeuzwa kwa ngapi. Mkitumia wakala, Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inataka awe amesajiliwa, kwa hivyo dai kuona usajili wake. Kamisheni iandikwe mapema.

Picha unaweza kupiga mwenyewe kwa simu, asubuhi, mapazia yakiwa yamefunguliwa na taa zimewashwa, bila kuzichuja zikageuka za Dubai. Ila usiweke hati kwenye Facebook. Matapeli wa ardhi wanahitaji namba na sahihi tu, na utakuwa umewapa bure. Wateja waje mchana, na usiwe peke yako wanapokuja. Maafikiano yakipatikana, mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, na amana, ambayo desturi yake ni asilimia 10, ipitie kwa wakili. Isiingie kwenye simu ya kaka.

Nimalizie kwa jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Katika mauzo haya yote, yuko mtu mmoja ambaye siku ya kukabidhi funguo atabaki bila paa, naye ni yule kijana aliyekaa humo. Ndugu wengine wanapoteza kumbukumbu na kupata mgao. Yeye anapoteza anwani. Mara nyingi ndiye aliyesugua sakafu, akakimbizana na fundi, akasimama foleni ya ofisi ya ardhi, akatoa hata ya mfukoni kununua balbu. Siku ya kugawana, gharama zake "zilisahaulika".

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, usianze kazi bila makubaliano matatu, yote yakiandikwa mahali ambapo kila ndugu anaona. La kwanza, kila shilingi iliyotumika kuandaa nyumba iandikwe na risiti yake, na irudishwe kwanza kwa aliyeitoa kabla ya mgao wowote. La pili, muda wako ukadiriwe malipo, hata kama ni madogo. La tatu, kodi ya miezi kadhaa na amana ya nyumba utakayohamia itoke kwa mauzo. Huku si kuwa na tamaa. Fundi wa nje angelipwa, na mpangaji angepewa notisi. Kwa nini mtoto wa nyumbani apewe pungufu ya mpangaji?

Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu ili kukarabati nyumba isiyo yako peke yako. Mkopo wa siku 30 hauwezi kusubiri mauzo. Hata baada ya mkataba kutiwa sahihi, desturi ni siku 90 za kukamilisha, na hapo ni kama hakuna karatasi iliyokwama. Riba itakuwa yako, na nyumba ni ya wote. Kama familia haiwezi kuchanga Sh60,000, fanyeni yale ya Sh20,000, mpunguze bei kidogo na muwe wakweli kwa mnunuzi kuhusu yaliyobaki. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli kuhusu bati lililotoboka hujadili bei. Aliyeligundua mwenyewe huondoka.

Jumamosi hii, kama kwenu mazungumzo ya kuuza yameanza, acha kwanza habari za duka la rangi. Shusha lile sanduku la bati kutoka juu ya kabati, keti sakafuni, na uanze kusoma karatasi moja baada ya nyingine. Humo ndimo utakapojua kama mna nyumba ya kuuza.